Barua ya malalamiko: dereva alizima safari tukiwa ndani ya gari

Sinza,
Dar es Salaam.
2 Desemba 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Taksi Mtandao,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: DEREVA KUSITISHA SAFARI TUKIWA GARINI, MBEZI LUIS KWENDA SINZA, USIKU WA 9 NOVEMBA 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu tangu 2021. Nafanya kazi ya zamu hospitalini, na usiku mwingi madereva wenu wamenifikisha nyumbani salama. Wengi wao ni waungwana. Nalitaja hilo mapema msije mkadhani naandika kwa chuki.

Jumamosi hiyo nilikwenda Stendi ya Magufuli, pale Mbezi Luis, kumpokea mdogo wangu wa kike. Ana miaka 19, alikuwa anatoka Songea kuja kuanza chuo, na Dar alikuwa hajawahi kuikanyaga. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, abiria kushushwa stendi usiku mkubwa si jambo geni. Basi lao liliingia saa 5:40. Wiki nzima nilikuwa namsisitizia kwenye simu: ukishuka usimpe mtu begi, usimfuate mpiga debe anayekuita "dada twende", nisubiri tuite gari la mtandao, maana hilo lina jina, lina picha, lina namba, na kaka atakuwa analiona kwenye ramani linavyokwenda. Maneno hayo niliyatoa kwenu. Ndiyo mnayotutangazia wanawake kila siku, na mimi nikayapitisha kwa mdogo wangu kama yangu.

Programu ilionyesha Toyota IST yenye namba nyeupe na dereva wa makamo mwenye ndevu. IST ilikuja kweli, ila ilikuwa na namba ya njano isiyofanana na niliyopewa, na kwenye usukani alikaa kijana. "Yangu iko gereji dada, hii ya ndugu yangu. Akaunti ni ileile." Nilisita. Wapiga debe walishatuzunguka, mmoja kashika mpini wa begi, mdogo wangu kaning'ang'ania mkono. Nikapanda. Nimejilaumu vya kutosha kwa hilo, lakini swali la kwanza nawauliza ninyi: mtu ambaye si dereva wenu aliwezaje kuwa hewani kwa jina la dereva wenu, usiku huo, bila mfumo wenu kumtaka hata aonyeshe uso?

Nilimtumia kaka kiungo cha kufuatilia safari. Hatujatoka hata getini, dereva akabonyeza simu yake, akasema mtandao unasumbua, kaisitisha safari, tutampa 20,000 mkononi. Programu ilikuwa imesema 13,500. Mara ujumbe wa kaka ukaingia: "Mbona imezima?" Kwenye simu yake gari halikuwepo tena. Kwenye simu yangu nikaambiwa safari imesitishwa, nitafute gari lingine. Kitufe chenu cha dharura nacho huonekana safari ikiwa inaendelea tu, kwa hiyo kiliondoka pamoja nayo.

Hili ndilo hasa lililonifanya niandike barua badala ya kuwapigia simu. Ulinzi wote mnaotuahidi mmemkabidhi dereva auzime akitaka, abiria akiwa kiti cha nyuma. Najua kwa nini madereva husitisha safari. Wa siku zote ninaowapanda wamenieleza habari za kamisheni mnayowakata kila safari na hesabu wanayotakiwa kumpelekea bosi mwenye gari. Nawaonea huruma. Lakini mlango huohuo wanaopitia wanaokwepa kamisheni ndio anaopitia mwenye nia mbaya, na ninyi mnaona safari zinavyositishwa sekunde chache baada ya abiria kupanda, huku simu mbili, ya dereva na ya abiria, zikiendelea kwenda njia moja. Hilo halihitaji mtaalamu kulitambua.

Badala ya kushika Barabara ya Morogoro kuja Kimara na Ubungo, aliingia barabara ya Goba. Nilipouliza akasema anakwepa foleni, tutatokea Makongo hadi Ardhi. Njia hiyo ipo, siikatai. Foleni gani saa sita usiku? Akageuza kioo cha ndani kikamwelekea mdogo wangu, akaanza kumhoji: ana mchumba? Atakaa hosteli ipi? Kisha akasema tupitie mahali tupate kinywaji, yeye analipa. Nikamwambia atushushe palepale. Akaongeza sauti ya redio.

Nilivuta kitasa. Kilikuja mkononi kikiwa chepesi, bila mlio wowote, kama hakijaunganishwa na kitu. Cha upande wa mdogo wangu hivyohivyo. Milango yote miwili ya nyuma ilikuwa imewekwa ile loki ya watoto. Kilichotusaidia ni tuta. Alipopunguza mwendo, mbele ya banda la chipsi lenye watu, nilishusha kioo, nikatoa mkono wote nje hadi kwapani, nikapapasa kitasa cha nje na kufungua, huku napiga yowe. Mkaanga chipsi aliacha karai likichemka akaja mbio, na wenzake nyuma yake. Tulishuka. Gari likaondoka na ndoo ya maharage ambayo mama alimfungashia mwanawe.

Asubuhi nilitafuta kwenye programu pa kuandika yaliyotupata. Nilikuta: nauli si sahihi, dereva hakuwa na adabu, nimesahau kitu garini. Na kwa kuwa safari "haikufanyika", hata vipengele hivyo vilikataa. Namba yenu ya simu ilipokelewa na sauti iliyorekodiwa. Siku ya tatu nikajibiwa kwamba mnasikitika kwa usumbufu na mmeniwekea punguzo la shilingi 3,000. Sijalitumia.

Jumatatu yake yule kijana aliniandikia WhatsApp: "Mdogo wako mzuri. Mlikimbia nini? Kwenu si nishapajua." Namba yangu aliipata kwenu. Geti letu pia, maana nililiweka kama mwisho wa safari. Mdogo wangu nimemhamishia kwa shangazi Mbagala, mbali na chuo, na anaamka saa kumi alfajiri kuwahi vipindi. Akisikia gari linasimama nje, anaacha anachofanya na kusikiliza hadi liondoke.

Nimeripoti polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, nimepokewa vizuri na nina RB, yaani namba ya taarifa yangu kituoni. Askari anayeshughulikia ameniambia bado anasubiri taarifa za mwenye akaunti kutoka kwenu. Leo ni siku ya 23 tangu usiku ule.

Nataka taarifa hizo zifike polisi wiki hii. Nataka kujua kwa maandishi akaunti hiyo imefungwa au bado inabeba abiria. Nataka namba za simu za abiria zifichwe kwa madereva, na mahali pa kushukia pafutike kwao safari ikiisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, nanyi ndio mliozikusanya taarifa zangu. Juu ya yote, safari ikisitishwa abiria akiwa garini, kiungo na kitufe cha dharura visizime mpaka abiria mwenyewe aseme kashuka. Na usiku awepo mtu wa kupokea simu, mtu mwenye sauti yake.

Nakala ya barua hii naipeleka LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Punguzo lenu liondoeni.

Jumatatu tarehe 16 Desemba, saa 3 asubuhi, nitafika ofisini kwenu nikiwa na kaka na mdogo wangu. Naomba awepo mwenye mamlaka ya kujibu, na ikiwezekana awe mwanamke, maana kuna maneno aliyoambiwa garini ambayo mdogo wangu amekataa nisiyaandike hapa.

Wenu,
Mteja wa Sinza
(Jina na namba yangu mnavyo kwenye akaunti)