Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Julai 2024 hadi Juni 2025

Ndugu wanachama wenzangu tuliofiwa kwenye meli ya MV Bukoba, wazee wangu shikamooni, wengine habari za siku nyingi, na ni siku nyingi kweli maana kuna watu mara ya mwisho tumeonana kwenye chakula cha mei na kabla ya hapo ni chakula cha mei ya mwaka juzi. Tumsifu Yesu Kristo, Asalaam aleikum. Taarifa hii ilikuwa niisome kwenye mkutano mkuu wa tarehe 6 julai lakini tulifika watu 17 na akidi ni 29, kwa hiyo katibu kaniambia iandike uitume kila mtu asome huko aliko. Naandika kwa simu, herufi zikikosewa mnivumilie.

Nianze na yale mnayoyajua ili tuyamalize. Usafi wa makaburi ya ndugu zetu pale Igoma tumefanya mara 2, tumefyeka, tumepaka chokaa, tarehe 21 mei tumeweka mashada kama kila mwaka, ni mwaka wa 29 sasa toka MV Bukoba izame. Septemba tulituma watu wawili kisiwani Ukara kuwapa mkono wenzetu waliofiwa kwenye kivuko cha MV Nyerere, ile ya 2018 iliyoondoka na watu 228. Watoto 11 wamepata sare, viatu na madaftari. Vikao vilikuwa 4. Kwenye usafi wa mei tulikuwa watu 13 na kati ya hao wanne ni watoto wangu na wa mweka hazina, tuliwaahidi soda. Basi.

Sasa tuje kwenye lile ambalo najua ndo mnalisubiri, maana grupu limewaka moto toka mei na mimi nimekaa kimya, sio kwamba sina la kusema, nilikuwa nasubiri hesabu zikamilike. Naongelea chakula cha hisani kuhamishwa kutoka ukumbini jumamosi usiku kwenda uwanja wa shule jumapili mchana, pamoja na mnada, pamoja na muziki.

Kwanza nani aliamua. Niliamua mimi na kamati, pamoja na waliofika kikaoni. Kuna mjumbe kaandika "mwenyekiti kaamua peke yake kama duka lake", ndugu yangu nakuheshimu lakini kikao cha tarehe 9 februari kiliitishwa kwa meseji, kikakumbushwa kwa meseji, mimi binafsi nikapiga simu 22 kwa salio langu, wakaja watu 8. Wewe hukuja. Tulikaa chini ya ule mwembe hadi saa kumi tunasubiri akidi isiyokuja, mwisho tukasema jamani mei haitusubiri sisi. Kama watu 8 wakiamua ni udikteta basi dawa yake ni kuwa 30, mimi siwezi kuwazaa.

Pili kwanini. Mwaka 2024 tulifanya ukumbini, wote mnakumbuka, mapambo ya zambarau, viti vimevalishwa, MC wa kulipwa, bufee. Tulikusanya 3,850,000 tukatumia 2,900,000, tukabaki na 950,000. Yaani watu wametoa karibu milioni 4 kwa ajili ya maboya ya kujiokolea majini na vifaa vya watoto wa shule, robo ndo ikafika kwa walengwa, iliyobaki ikaliwa na ukumbi na mpishi. Nilirudi nyumbani usiku ule sikulala. Mke wangu shahidi.

Mwaka huu uwanjani tumekusanya 5,430,000. Matumizi 1,160,000 yote, turubai na viti, spika, nyongeza ya chakula, walinzi na usafi. Tumebaki na 4,270,000. Mimi sio mwalimu wa hesabu ila 950,000 na 4,270,000 hata mtoto wa chekechea anajua ipi kubwa. Watu 140 wamelipa 20,000 kila mmoja, wakala ndizi na sato, ndizi zenyewe mikungu 14 imepakiwa kwenye basi kutoka Muleba na wanachama wa huko bila kutudai senti, na kina mama wa Nyakato wamepika toka saa kumi alfajiri, hao nawashukuru sana na nasema wazi bila wao mimi ningekuwa nimeaibika.

Kuna suala la advansi ya ukumbi, 300,000, ambayo haikurudishwa. Ni kweli haikurudishwa. Ilitolewa juni 2024 kwenye mwaka wa hesabu uliopita, kwa hiyo haimo kwenye hesabu za mwaka huu, na wenye ukumbi wamesema tunaweza kuitumia kwa shughuli nyingine siku nyingine, kwa hiyo kuita "hasara" ni kukuza mambo. Nimewapigia mara tatu. Tutaona.

Tatu, muziki. Hapa naomba niongee taratibu maana aliyelalamika ni mzee wetu mmoja ambaye alipoteza mke na watoto wawili siku ile, na alichoandika ni kwamba marehemu hawachezewi ngoma. Mzee wangu, shikamoo tena. Nilikuja kwako nyumbani tukaongea na sitaki kurudia yote hapa, ila wengine nao wasikie. Tulianza na misa, ikaja dua ya shehe wetu, ikafuata kwaya. Muziki umeanza saa nane wakati wa mnada na ulikuwa wa zamani, wa taratibu. Nakubali kuna vijana walimfuata dijei ikapigwa singeli kama dakika kumi hivi, nilienda nikazima mwenyewe kwa mkono wangu, na dijei nilimkata 20,000 kwenye malipo yake.

Lakini kusema kwamba eti tumesahau tuko pale kwa ajili ya nini, hiyo hapana. Kaka yangu alipandia Kemondo, daraja la tatu. Wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa, wa la tatu hawakuandikwa popote, meli ya watu 430 ikajazwa hadi leo hakuna anayejua kwa uhakika walikuwa wangapi. Nilikuwa na miaka 19. Pale Igoma mimi sijui kaka yangu yuko kaburi lipi, au kama yupo kabisa au alibaki ndani ya meli, kila mwaka naweka shada palipo wazi. Kwa hiyo mtu asinifundishe mimi msiba. Ninachosema ni kwamba watoto wa hao vijana waliocheza singeli ndo wanapanda mitumbwi leo kwenda shule, na wazazi wao mwaka huu kwa mara ya kwanza wametoa hela. Ukumbini hawakuwahi kuja, wanasema kule ni kwa wenye suti.

Nne, sangara. Najua mnacheka lakini nalisema kwasababu limesemwa vibaya. Kuna mvuvi wa soko la samaki la Mwaloni, baba yake alikuwa kwenye meli, alituletea sangara wa kilo 23 kwa bodaboda, amefungwa kwenye turubai ya bluu na barafu, mkia umetokea nyuma unapiga vumbi. Tukamlaza juu ya meza ya mwalimu mbele ya watu. Mama mmoja wa Kirumba akamnunua 120,000, akasema namrudisha anunuliwe tena. Akanunuliwa 110,000, akarudishwa. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha pale jirani wakachangishana kwenye kofia, elfu mbili mbili, elfu tano, wakafika 215,000 wakashangilia kama wamechukua kombe, wakamrudisha. Mara ya nne 185,000, akarudishwa tena. Sasa ilikuwa saa tisa na nusu, jua la Mwanza mnalijua, barafu imeisha, maji yanachuruzika kwenye miguu ya meza, nzi wamefika na mshereheshaji (mwanachama wetu, alifanya bure) anasema nani wa tano na watu wote wanaangalia chini, maana wa tano ilionekana wazi atabaki naye. Nikasema 150,000. Nikalipa kwa lipa namba palepale, risiti anayo mweka hazina. Jumla sangara mmoja kaingiza 780,000.

Halafu kesho yake nasikia mwenyekiti kajiuzia samaki wa chama kwa bei ya kutupa! Kwanza kilo 23 pigeni hesabu wenyewe kwa bei ya mwaloni muone kama ni bei ya kutupa, tena wa jioni ile. Ndio, tumemla nyumbani, nusu nimewagawia majirani, na aliyeanzisha hayo maneno naye kichwa alipelekewa na akakipokea.

Maboya. Tumenunua 60 ya watoto kwa 42,000 moja, jumla 2,520,000, 40 yameenda Ukara na 20 kisiwa cha Kome. Ya Ukara nilipeleka mwenyewe, meli hadi Nansio, gari hadi Bugolora, na nauli yangu sijadai na sitadai, usafiri wa mzigo tu ndo umelipwa na chama, pamoja na wa Kome ni 180,000. Tuliyakabidhi mbele ya walimu na watu wa BMU (kikundi cha kusimamia mwalo), picha zipo. Wiki sita baadae nimerudi kimya kimya bila kuaga. Nikakuta mtumbwi unatoka, watoto tisa ndani, waliovaa wawili, mengine yamepangwa kwenye mbao na kuna mama na ndoo yake ya dagaa kakalia moja, bado liko kwenye nailoni yake ya dukani. Nikamuuliza mwenye mtumbwi, akanijibu kwa upole kabisa, mzee tunayatunza yasichakae. Sikujua nicheke au nilie. Kwa hiyo mwakani nadhani kununua peke yake haitoshi, inabidi mtu akae kule hata siku tatu awafundishe, na msiniangalie mimi tena.

Na wale wanaosema daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa juni 19 kwa hiyo kazi yetu imeisha, jamani daraja ni zuri, mimi mwenyewe nimepita, kilomita 3 unavuka kama unaenda sokoni na sio kupanga foleni ya kivuko. Ila daraja haliendi Ukara wala Kome. Ziwa bado lipo.

Ada. Hapa nitaongea kidogo kwasababu nikiongea sana nitakosea adabu. Wanachama tuko 87. Ada ni 2,000 kwa mwezi, yaani soda tatu. Waliomaliza mwaka mzima ni 31. Waliolipa vipande vipande ni 9. Ambao hawajatoa hata shilingi ni 47. Ilitakiwa tupate 2,088,000, tumepata 840,000. Na kwenye grupu tuko watu 112, hao wengine 25 sijui nani kawaingiza na ndo wanaoongoza kwa kutoa ushauri. Kuna mtu anadaiwa toka 2022 na ndiye aliyeandika meseji ndefu kuliko zote kuhusu uwazi wa fedha, aya sita, nilihesabu. Majina sitataja, kamati imenizuia, ila orodha anayo katibu na anayetaka kujua jina lake kama limo amfuate, bila shaka kama unauliza basi limo.

Pia ahadi za siku ya chakula, 690,000 hazijalipwa mpaka leo naandika. Watu walishika kipaza sauti wakapigiwa makofi na vigelegele, makofi tulishayatoa, tunasubiri hela.

Mfukoni kwa ujumla tulianza na 612,000, ongeza ada, ongeza chakula, ongeza 500,000 iliyotumwa na wenzetu wa Dar, inakuwa 6,222,000. Yametoka maboya na usafirishaji wake, vifaa vya watoto 1,320,000, Igoma 265,000, na benki na kuchapa tiketi na kadi 74,000, jumla 4,359,000. Iliyobaki ni 1,863,000 iko benki, sahihi tatu, mimi peke yangu siwezi kutoa hata mia.

Mwakani ni miaka 30. Tarehe 21 mei 2026 itakuwa alhamisi. Tunatarajia Mungu akipenda tufanye kitu kikubwa, kuna wadau tumeanza kuongea nao na wameonesha nia, kuna wazo la tisheti, kuna wazo la matembezi toka mjini hadi Igoma, kuna aliyesema tutengeneze kumbukumbu ya majina ya wale wa daraja la tatu kwa kuulizana familia kwa familia, hilo mimi nimelipenda kuliko yote ila linahitaji watu wa kuzunguka na daftari na mnajua tuko wangapi tunaozunguka. Suala la ukumbi au uwanja litaamuliwa na mkutano, sio mimi, mkutano wa tarehe 17 agosti saa nane palepale chini ya mwembe. Mzee wetu nimemwomba aje afungue kwa sala na afunge, na kuhusu muziki tutamsikiliza yeye kwanza.

Mweka hazina anamaliza muda wake na amesema haendelei, kwa hiyo mje na jina. Mimi bado nina mwaka mmoja. Viti vya plastiki 12 vilivyobaki kwa watu baada ya chakula virudishwe kwa katibu, mwenye turubai ananipigia kila siku.