Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wakulima wa Miti, Mufindi, Tanzania

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Akidi imetimia saa tano badala ya saa tatu, tena baada ya wajumbe wa kamati kupita nyumba kwa nyumba.

Kazi za kawaida mnazijua: miche imegawiwa, barabara za kuzuia moto zimefyekwa, palizi imefanyika, mafunzo ya kupogoa yametolewa. Wanachama ni 86, waliolipa ada 31, salio benki shilingi 412,000, deni la miche shilingi 260,000.

Sasa nije kwenye jambo linalosemwa vilabuni kuliko mikutanoni. Kamati yangu imelegeza kanuni ya kuvuna. Zamani chama kilikataza kukata msindano (paina) wowote ulio chini ya miaka 15. Nani aliifuata? Januari ikifika na ada za shule, dingdong, zile mashine za kupasulia mbao za kuhamahama, zilinguruma usiku, mbao zikaenda kwa bei ya dalali, na faini hatukupata hata shilingi. Sasa mwenye shamba la miaka 10 anaandika barua, kamati inakagua, anavuna theluthi moja na kupanda upya mvua zinazofuata. Theluthi mbili zinabaki zinenepe. Mirunda ya mikaratusi, yaani nguzo za kujengea, haihitaji barua, mwenye shamba anamwarifu katibu tu.

Wapo wanaodai tumevunja sheria. Sheria ya Misitu ya 2002 inautambua msitu binafsi. Kikomo cha miaka 15 tulijiwekea wenyewe. Yasiyo yetu hatukuyagusa: hati ya kusafirishia mbao iko palepale, na mita 60 za hifadhi kutoka chanzo cha maji, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hazina mjadala. Aliyejaza mikaratusi bondeni asije kujificha nyuma yetu.

Ni kweli, wa kwanza kuvuna kwa utaratibu huu nilikuwa mimi. Barua yangu imo kwenye faili, na shamba langu lilipojadiliwa nilitoka nje. Uongozi uliopita haukuacha hata faili.

Nasikitika kwamba wapinzani wakubwa wa kanuni hii mpya wengi wao hawajalipa ada, wala hawapo hapa leo kunisikia.

Mwaka ujao tunatarajia kupata mashine yetu ya kupasulia mbao na mnunuzi wa uhakika, Mungu akipenda. Mazungumzo yanaendelea.

Katibu atasoma majina ya wadaiwa kabla ya chakula.