YAH: MALALAMIKO KUHUSU MISHALE YA KANI KATIKA PROGRAMU YENU NA KUDHALILISHWA MBELE YA WANAFUNZI

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Salamu kutoka Tanga. Naomba barua hii uisome mwenyewe, isirudishwe kwenye dawati lile lile la huduma kwa wateja linalofunga malalamiko yangu kila ninapoyafungua. Masharti ya leseni mnayajua, mmeyaandika nyinyi, na kipengele cha kurekebisha hitilafu kimo.

Katika programu yenu ya fizikia, mwanafunzi akirusha mpira juu kwenye skrini, mshale mwekundu mliouandika "kani", yaani nguvu inayosukuma au kuvuta kitu, unaelekea juu, unafupika kadiri mpira unavyopanda, na kileleni unatoweka. Hapohapo kisanduku cha mchapuko, yaani jinsi velositi inavyobadilika kila sekunde, kinasoma sifuri. Mheshimiwa, kinachofika sifuri kileleni ni velositi, yaani kasi pamoja na mwelekeo wake. Mchapuko uko palepale, mita 9.8 kwa sekunde mraba kuelekea chini, tangu mpira ulipotoka mkononi. Tukiacha ukinzani wa hewa, mpira wa nusu kilo unavutwa chini kwa niutoni 4.9 ukipanda, ukiwa kileleni na ukishuka. Kani ingekuwa sifuri pale juu, na velositi nayo ni sifuri, mpira ungebaki unaning'inia hewani. Mmechora velositi mkaipa jina la kani.

Huko ofisini huenda hili linaonekana dogo. Tanga ni mji wa baiskeli. Wanafunzi wangu wengi huja shule wakikanyaga, na huingia darasani wakiamini kwamba kitu kinachotembea lazima kiwe na kani inayokisukuma kule kinakokwenda, maana wakiacha kukanyaga baiskeli husimama. Kuwaonyesha kwamba kinachoisimamisha ni msuguano na hewa, na kwamba visingekuwepo ingeendelea tu, ni kazi ya muhula mzima. Newton alilichapisha jambo hili mwaka 1687. Nyinyi mmelirudisha kosa lile lile ukutani kwa projekta, kwa rangi nyekundu, na mtoto akiona kompyuta inasema hivyo, mimi na chaki yangu ataniamini vipi?

Ndiyo maana niliuliza. Katika kikao cha mtandaoni mlichokiitisha wenyewe, kidato cha tatu wakiwa wamekaa nyuma yangu, nilimwomba ofisa wenu ausimamishe mpira kileleni atuonyeshe mshale wa uzito. Akacheka. Akasema, "Bi mkubwa, kompyuta haikosei hesabu." Nilipoanza kujibu akanizima maikrofoni.

Na hilo la mpira halikuwa la kwanza. Nilikuwa nimeshawaandikia kuhusu pendulamu, kile kitu kinachobembea kwenye uzi, na picha za skrini nikaambatisha. Ikiachiwa kwenye digrii 30 bila kusukumwa, haiwezi kupanda upande wa pili kupita digrii 30. Kwenye kompyuta zetu za zamani inapita, kila mzunguko inazidi, mpaka inapinduka duara zima. Dalili zote ni za njia ya Euler ya kukokotoa mwendo hatua kwa hatua: kitu kinasogezwa kwa velositi ya zamani, na kila hatua inaongeza nishati isiyotoka popote. Tena mmefunga hesabu kwenye kasi ya kuchora picha, kwa hiyo kompyuta ikiwa nzito hatua ya muda inarefuka na kosa linakua. Dawa yake inajulikana. Kokotoeni velositi kwanza, msogeze kitu kwa velositi hiyo mpya, na hatua ya muda iwe moja isiyobadilika. Niliwaandikia hayo yote. Jibu lenu lilikuwa sentensi moja: shule inunue kompyuta mpya. Fedha za leseni yenu walichanga wazazi, na wengine wao ni wavuvi na vibarua wa katani.

Hata mshale wa mkazo wa uzi, yaani kani ambayo uzi unavuta kitu, pendulamu ikipita chini kabisa, mmeuchora sawa na wa uzito. Ukilingana, ni nini basi kinachokipinda kitu kifuate duara? Ikiachiwa uzi ukiwa mlalo, mkazo pale chini hufika mara tatu ya uzito. Hili ni swali la daftari la mwanafunzi!

Narudi kwenye kikao kwa sababu sijakisahau na sitaki mkisahau. Nimefundisha mpaka waliokuwa wanafunzi wangu sasa ni walimu. Kijana wa umri wa mwanangu alicheka swali langu, akaniambia kompyuta haikosei, akanizima. Watoto waliona ukutani alama ya maikrofoni iliyokatwa juu ya jina langu, wakaniona nazungumza bila sauti. Mmoja wao aliinua mkono na kuuliza kama basi nilichowafundisha wiki iliyopita wakifute. Ofisa wenu alikuwa ameshahamia kwenye ukurasa wa kubadilisha rangi za mishale.

Nilikusudia kuomba marekebisho tu. Sasa nataka marekebisho ya mishale na ya pendulamu, yatumwe kwa kila shule iliyonunua toleo hili pamoja na maelezo ya kosa. Nataka pia barua ya kuomba radhi yenye saini yako, nitakayoisoma mbele ya kidato cha tatu. Na mkishindwa, rudisheni fedha za wazazi zote, si sehemu.

Nawapa siku 14. Zikipita, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani nikiambatisha kila picha ya skrini na kila jibu lenu, na nitawaonyesha walimu wenzangu wa fizikia wa Muheza, Pangani na Korogwe mpira wenu ukiwa kileleni bila uzito. Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi.

Wenu,
Mwalimu wa Fizikia, Tanga

Nakala: Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule