Mwanangu, echo usiingoje probesheni iishe

Marahaba mwanangu, salamu yako ya jana nimeiona, na picha ya kitambulisho cha kazi nimeionyesha mpaka kanisani, baba yako anajifanya hana habari lakini ameisevu kwenye simu yake. Hongera sana mama. Sasa nimeandika badala ya kupiga maana kwenye simu nikianza habari za kliniki netiweki yako inakatika.

Umesema echo, kile kipimo cha kuangalia moyo, utaenda probesheni ya hiyo kazi mpya ikiisha. Miezi 6! Hapana. Nenda sasa hivi, muombe bosi ruhusa ya siku moja, mwambie ukweli.

Najua utasema mbona mimi sijisikii vibaya, napanda ngazi, nacheka na watu. Ndo hapo penyewe mwanangu. Kule India ulipopasuliwa moyo utotoni waliziba tundu la moyo, alafu ile njia ya damu kwenda kwenye mapafu ambayo ilikuwa imebana wakaikata wakaipanua kwa kiraka, bila hivyo ule ubluu wa midomo na kucha usingeisha. Lakini njia ikishapanuliwa vile, valvu ya pale, ule mlango wa damu, haifungi tena sawasawa, damu inasukumwa iende kwenye mapafu na nyingine inarudi kwenye chumba cha upande wa kulia wa moyo. Chumba kinavumilia, kinatanuka taratibu, miaka 20 na zaidi inaweza kupita mwenyewe hujui kitu. Ukija kuanza kuchoka na kuvimba miguu kinaweza kuwa kimeshatanuka kiasi kwamba hata ukiwekwa valvu mpya hakirudi kilivyokuwa.

Siku ile ya echo ya mwisho wewe ulilalia ubavu wa kushoto umeangalia ukutani, hukuona. Mimi niliona. Daktari kashikilia kile kidude chenye jeli karibu na kovu lako, kwenye skrini rangi ya bluu inakwenda, alafu nyekundu inarudi, bluu, nyekundu, kila pigo la moyo, na ile nyekundu ilikuwa pana karibu sawa na bluu. Nikauliza nyekundu ni nini, akasema ndo inayorudi mama. Tulivyofika nyumbani nilikwambia daktari kasema unaendelea vizuri.

Wazazi tuliorudi kutoka India na watoto wetu miaka ile wengi tulijua imeisha, mtoto anakimbia, anakula, kadi ya kliniki ikalala kabatini. Basi isilale na huko kwako. Na wewe kuficha unajua, umechukua kwa baba yako, mtu anaumwa jino wiki nzima anasema hamna kitu.

Na hilo jino lako, ukienda kuling'oa mwambie daktari wa meno kabla hajakugusa kwamba umefanyiwa upasuaji wa moyo, wadudu wa kwenye fizi wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kukaa kwenye moyo na hiyo homa yake ni mbaya sana. Piga mswaki usiku hata kama umechoka.

Kama unaogopa kifua kufunguliwa tena, ujue sio lazima iwe hivyo. Kuna valvu inapitishwa kwenye mshipa wa paja ikiwa imekunjwa, ikifika pale inatanuliwa kwa puto. Wa kwanza kuwekewa alikuwa mtoto wa miaka 12 kule Paris, mwaka 2000, daktari anaitwa Philipp Bonhoeffer, na valvu yenyewe imetoka kwenye mshipa wa shingo ya ng'ombe. Baba yako alitaka nimsomee mara mbili. Wengine njia yao imekuwa pana mno, haifai, hao wanafanyiwa upasuaji. Ila valvu hizi za ng'ombe au nguruwe nazo zinachoka, baada ya miaka kumi na kitu mtu anaweza kuhitaji nyingine, ndo maana madaktari hawataki kukuwekea mapema mno na hawataki uchelewe. Sasa watajuaje muda wako umefika kama hawakuoni?

Usijilinganishe na mjukuu wa jirani yetu wa Rau, yule valvu yake imebana tu toka kuzaliwa, hizo zinatanuliwa kwa puto kupitia mshipa, dunia inafanya hivyo tangu 1982. Wewe yako inavuja, ni habari nyingine.

Alafu huyo kijana. Simkatai, anaonekana ana adabu. Ila kabla hawajaja kwa baba yako, pima. Mimba inaongeza damu mwilini karibu nusu ya uliyo nayo, na moyo ndo unaibeba yote. Wengi wenye moyo kama wako wanajifungua salama, lakini wameangaliwa kabla, sio mimba ina miezi 7 ndo mtu anatafuta kadi. Na yeye aambiwe, asije akasema alifichwa.

Moyo ukienda mbio umekaa tu, au ukizimia hata kidogo, hiyo sio ya kunywa maji ukalala. Hospitali moja kwa moja.

Uko Dar mwanangu! Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko hapo hapo Muhimbili, watu wanatoka huku wanakesha kwenye basi kuifuata, wewe ni daladala tu. Wakisema upigwe na picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, usiogope, ndo inayowaonyesha vizuri hicho chumba kimefikia ukubwa gani. Hela ikipungua niambie, tuna parachichi za kuuza mwezi huu.

Ripoti za India na echo zote nimezitia kwenye bahasha ya kaki, iko chini kabisa ya kiroba cha ndizi mshare ninachokutumia kesho, juu kuna maparachichi mabichi, yafunge kwenye gazeti. Kiroba kitashuka stendi ya Magufuli Mbezi, namba ya kondakta nakutumia akishapakia. Bati la jikoni bado linavuja, fundi kala hela ya misumari, mdogo wako kaambiwa alete ada iliyobaki kabla ya mtihani, ukipata mshahara hilo la ada unisaidie kidogo, la bati liache.

Bahasha ukiipata nenda nayo Muhimbili, na unitumie tarehe waliyokupangia.

Mama yako