Waleteni Wangali Hai: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu, Kaunti ya Lamu

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

KUH: WATU WA KUIGWA NA WATOTO WETU

Mimi ni mwalimu wa tuisheni hapa Mkomani. Kila baada ya sala ya alasiri watoto wapatao ishirini huketi mkekani kwangu, mlango wazi, punda wakipita na mizigo ya mawe. Mwezi uliopita niliwaambia wanichoree daktari. Binti mmoja wa miaka tisa alichora vizuri mno: koti, mifuko yake miwili, kile kipimo cha kusikilizia moyo kikining'inia shingoni. Viatu akavipaka rangi, meza akaipaka, uso akauacha mweupe kama karatasi ilivyo. Nikamuuliza mbona uso hakuupaka. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, huyu ni daktari mkubwa."

Mkono ulioshika penseli ile ni mweusi kama wangu. Usiku ule usingizi haukunijia, na ndipo nilipoanza kukuandikia.

Fikira ile hakuzaliwa nayo. Ameiokota kwenye picha na runinga, nasi wakubwa tumemwachia. Tukiulizwa Mwafrika wa kuigwa, mara nyingi tunamtaja marehemu. Nawaheshimu marehemu wetu, na Profesa Wangari Maathai ndiye wa kwanza moyoni mwangu. Lakini mtoto hawezi kumuuliza marehemu, "Ulipofeli, ulifanyaje siku ya pili?"

Na walio hai tunao. Umra Omar, ambaye asili yake ni visiwa hivi vyetu, alisoma Marekani akarudi. Alianzisha Safari Doctors, wanaopakia dawa na wauguzi kwenye boti kuwafuata wagonjwa vijijini, hadi karibu na mpaka wa Somalia, ambako mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku hana pa kukimbilia. Mwaka 2016 CNN ilimweka kati ya mashujaa wake kumi wa dunia nzima. Binti yangu yule wa mchoro hakuwa amelisikia jina hilo, na boti zenyewe hupita bahari hiihii yetu.

Mwingine ni fundi Ali Skanda, wa hapahapa Lamu. Taka za plastiki zilizookotwa ufuoni ziliyeyushwa zikafinyangwa mbao, mkuku na mataruma ya jahazi, naye na mafundi wenzake wakazichonga kama mti unavyochongwa. Ubavuni wakalivisha jahazi ndara kuukuu zipatazo 30,000. Ndiyo Flipflopi, iliyoshushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 ikasafiri kutoka hapa hadi Zanzibar, kiasi cha kilomita 500. Vyuo vya ufundi viko chini ya kaunti yenyewe, Mheshimiwa. Kijana anayejifunza useremala akiambiwa kazi yake ni ya waliofeli shule, amsikilize fundi huyu kwa saa moja tu. Mimi nilipoipapasa ile mbao ya plastiki, niliona alama za mkono wa fundi zilezile nilizoziona utotoni kwenye mashua ya babu.

Wa mbali kidogo nao wanatuhusu. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, na mwaka 2015 kule Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Vijana wetu wanayo simu ileile mkononi. Mwalimu Peter Tabichi, aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, alikuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia maskini, na shule aliyokuwa akifundisha iko kijiji kiitwacho Pwani, ingawa ni Nakuru na bahari haionekani. Abdulrazak Gurnah ni mwana wa kisiwa kama sisi. Alitoka Unguja akafika Uingereza mkimbizi mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi.

Ombi langu halihitaji fedha nyingi. Kwenye tamasha la utamaduni, kabla au baada ya mashindano ya majahazi na punda, tutengewe alasiri moja ndani ya Ngome ya Lamu. Waalikwe wawili au watatu kati ya hawa, wa nyumbani kwanza. Hotuba ziwe fupi, na hata za viongozi, uniwie radhi kwa kusema hivyo. Muda wote uliobaki wapewe watoto waulize. Waulize mishahara, hofu, aliyewacheka, aliyewashika mkono. Kisha picha zao, pamoja na maelezo ya Kiswahili chepesi, zibandikwe kwenye chekechea, vyuo vya ufundi na maktaba za kaunti, zikae kimo cha macho ya mtoto, si juu karibu na dari.

Maswali nimeshaanza kuyakusanya kwa watoto wangu. Yamefika arobaini na moja, yako kwenye daftari. La binti yule ni la tatu: "Bi Umra, boti ikipigwa na mawimbi usiku, wewe huogopi?" Mkikubali siku, nitawaleta wote kwa miguu, nami nitabeba mikeka.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa tuisheni, Mkomani, Lamu