"Fundi, nobu ya aksenti imekufa": soma hapa kabla hujaleta mashine yako ya besi

Wiki iliyopita mteja ameondoka hapa akisema nimemlia hela. Alileta Behringer TD-3, ile nakala ya Roland TB-303, mashine ndogo ya kielektroniki ya kupigia besi ya miaka ya themanini, akasema nobu mbili zimekufa: aksenti, yaani mkazo wa noti, na dikei. Nikaifungua, nikapima volyumu zote, yaani vile vifaa vinavyozungushwa na nobu, nikaipiga saa nzima. Haina ubovu. Nikamtoza elfu 20 ya upimaji, akahamaki: "Fundi, hujabadilisha hata kifaa kimoja, hela ya nini?"

Ni hela ya hiyo saa nzima, kaka. Na kwa kuwa mashine za namna hii zinaletwa kila mara zikiwa nzima, acha nieleze.

Aksenti haigusi kila noti. Inagusa zile tu ulizozitia aksenti ulipokuwa unapanga patani, yaani msururu wa noti unaojirudia. Kama hukuzitia, utazungusha nobu mpaka kesho. Ukizitia, nobu inaongeza sauti na papo hapo inaisukuma filta, yaani kichujio cha sauti. Zikifuatana mbili tatu, kila moja inapanda kuliko iliyotangulia, kwa sababu kuna kapasita ndani, kifaa cha kutunza chaji ya umeme, isiyowahi kumaliza chaji kabla noti nyingine haijaingia. Patani ya yule mteja ilikuwa na noti 16, hakuna hata moja yenye aksenti. Nikamtilia ya tano, ya sita na ya saba. Mlio ukapanda kama mtu anayepandisha ngazi, naye akasogea karibu na spika bila kusema neno.

Dikei nayo inaamua filta ijifunge upesi au taratibu, toka kama sehemu ya tano ya sekunde hadi sekunde 2. Noti yenye aksenti haiijali, inabaki fupi vilevile. Na ukishusha envelopu modi, nobu inayoamua filta iende umbali gani, mpaka chini, filta haina mwendo wa maana, kwa hiyo dikei utaisikia wapi?

Nobu ya katofu ni mlango wa sauti kwenye hiyo filta. Ukiufunga unabaki na mngurumo wa chini tu, na spika ya simu haiwezi kuutoa. Uzi mnene wa gitaa la besi unapiga hezi 41. Kispika cha kiganjani hakifiki huko. Wengi wanaoniambia "haina besi" nawavalisha hedifoni, basi.

Rezonansi inakazia sauti pale mlango uliposimama. Kwenye TB-303 ukiifikisha mwisho inalia kwa ukali, lakini haipigi filimbi yenyewe kama sinthesaiza ya Minimoog. Ndivyo ilivyoundwa, haijachoka.

Hapa ndipo watu wanapojiponza. Mwaka jana kijana aliitafuta hiyo filimbi kwa bisibisi: akafungua mashine, akazungusha trima zote za ndani, zile skrubu ndogo za kurekebishia mashine, bila kuweka alama. Ikaja kwangu noti ya chini iko sawa, oktavo moja juu imetoka kwenye tyuni kabisa. Nilikaa na tyuna, kipimo cha noti, kwa muda wa saa tatu, nikisogeza trima moja nyingine inakosea. Alilipa elfu 80, na niliona uchungu kumpa bili ile, kwa sababu mashine ilikuwa nzima siku aliyoifungua.

Mwingine volyumu ilikuwa inakwaruza, akapulizia mafuta ya kulegeza kutu. Ilitulia siku chache. Kisha mafuta yakanasa vumbi, grisi ikaisha, nobu ikawa inateleza bila uzito na kukwaruza kuliko mwanzo. Mkwaruzo ule ungeisha kwa kontakti klina kidogo, dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Badala yake nilizitoa volyumu zilizochomelewa kwenye bodi, mguu kwa mguu.

Kabla hujapanda daladala, tia aksenti kwenye noti tatu, katofu iweke katikati, envelopu modi na rezonansi zipandishe, vaa hedifoni, halafu zungusha nobu moja moja. Bado kimya? Ilete bila kuifungua. Upimaji ni elfu 20 ileile, na nikikuta ubovu nikautengeneza, naikata kwenye bili.