Dada, zile mbao za madirishani zilikuwa za nini?

Dada, shikamoo.

Jumapili nilikuwa nakuonyesha pale vitabu vya Harry Potter, yule mvulana mchawi, vinapojipinga vyenyewe, ukaondoka bila kunipa nafasi ya kumaliza. Ulishaketi kwenye bajaji ndipo ukatoa lako la mwisho: "Ule ni uchawi, mdogo wangu, na uchawi haudaiwi risiti." Wauzaji wa pale soko la Mwaloni wakacheka, mama naye akacheka, mimi nikabaki na sado ya dagaa mkononi kama mtu aliyeshindwa kesi. Kwa kuwa ulinishinda mbele za watu, nakujibu mbele za watu.

Vitabu vyenyewe ni vyako, hilo silisahau. Usingeniachia lile boksi la Harry Potter, na kile cha tatu kisicho na jalada, leo nisingekuwa na la kubishania.

Nianze na ninalolisamehe. Wale farasi wenye mabawa, waliokonda mpaka mifupa inahesabika, thestral, wanaoonwa tu na mtu aliyeshuhudia kifo. Kitabu cha nne, cha mwaka 2000, Cedric, mwanafunzi mwenzake Harry, anauawa kando yake. Siku ya kufunga shule anasubiri yale magari ya kukokotwa yampeleke stesheni, na mbele ya magari haoni kitu. Kitabu cha tano, cha 2003, anarudi shuleni na farasi hao hapo. Mwandishi, J. K. Rowling, alipoulizwa, alijibu kwamba kuona kifo peke yake hakutoshi, lazima kikuingie. Wengi waliliita jibu hilo kiraka. Mimi nililipokea. Babu alipofariki nilibeba jeneza, nikatupa udongo, nikala wali wa msiba, jicho kavu. Wiki kadhaa baadaye nikakuta bakora yake nyuma ya mlango, nikakaa chini palepale. Kwa hiyo nakubali, thestral anaweza kuchelewa, na kwa kuchelewa kwake amekuwa mnyama mkubwa kuliko alivyokuwa.

Hata wale watoto wa werewolf, watu wanaogeuka mbwa mwitu, napita tu. Kitabu cha pili Tom Riddle, yule adui, anadai Hagrid, aliyesoma naye, alikuwa akiwafuga chini ya kitanda, kisha cha tatu kinatufundisha kwamba mtu huwa hivyo kwa kung'atwa. Ulisema Riddle ni mwongo. Sawa, ni mwongo.

Ila Lupin, dada, yule mwalimu wa kitabu cha tatu anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukiwa mpevu. Kwa Lupin sikuachii.

Wewe na mimi ni watoto wa mvuvi wa dagaa wa Igombe. Kalenda ya nyumbani kwetu haikutundikwa ukutani. Giza likiwepo, baba yuko ziwani na taa zake, dagaa wanaufuata mwanga na wavu unawazunguka. Ikiingia mbalamwezi, ziwa zima linakuwa na taa moja kubwa, dagaa wanatawanyika, na baba yuko uani anashona nyavu kwa hasira za mtu asiye na hela. Tulijua pia, bila kufundishwa, kwamba mwezi mpevu haukawii: jua likitumbukia ziwani, wenyewe unachomoza upande wa pili nyuma ya miamba. Na wingu likitanda, baba alisema mwezi umefichwa. Hakuwahi kusema umeahirishwa.

Sasa usome ule usiku wa kitabu cha tatu Lupin anapogeuka. Mnyongaji anakuja kumwua mnyama wa Hagrid jua linapozama. Baada ya hapo mbwa anamburuta Ron, rafiki wa Harry, chini ya mti, wenzake wanamfuata mpaka kwenye ile nyumba mbovu, Lupin anakatisha viwanja vya shule kuwafuata, wanaongea habari za miaka kumi na miwili, mwalimu mwenzake Snape anatokea, wanagombana. Lupin muda wote ni mtu. Wanatoka nje, wingu linasogea, mwanga unamwangukia, anageuka.

Haya, nikasema, kumbe kinachomgeuza ni mwanga kumgusa. Sheria nzuri tu. Lakini nyumba ile ilikuwa ya nini? Yeye mwenyewe ametoka kusimulia humohumo kwamba alipokuwa mwanafunzi alipelekwa mle kila mwezi, akageuka mle, akajing'ata na kujikwaruza, wanakijiji wakisikia kelele wakadhani ni mizimu. Na madirisha yake yamepigiliwa mbao! Mwanga ulipita wapi? Ukiniambia kwenye nyufa, nitakuuliza kwa nini usiku ule, chumba kilekile, nyufa ziligoma. Na kama mbao zinatosha kuzuia, basi dawa anayompikia Snape ya nini? Fundi seremala angemaliza ugonjwa kwa misumari ya nusu kilo.

Hapo ndipo panaponiuma. Mtu huyu kila alichonacho kimeshonwa kwenye jambo hilo moja. Nguo zina viraka kwa sababu hakuna anayemwajiri. Marafiki watatu walijifunza kwa siri kujigeuza wanyama ili asiteseke peke yake. Yote hayo yana maana tu kama hakuna ukuta unaoweza kumkinga na mwezi. Ukimruhusu akingwe na wingu, hata kwa saa mbili, mateso ya utoto wake yanakuwa uzembe wa walimu.

Nikiri kitu: ukurasa wenyewe ni mtamu. Mara ya kwanza nywele zilinisimama, wala sikukumbuka mbao. Nilizikumbuka mara ya tatu, nikakasirika kama niliyerudishiwa chenji pungufu na nimeshafika nyumbani.

Na wewe unayesema uchawi haudaiwi risiti, unamkumbuka bibi? Hadithi zake za fisi wa wachawi hazikuwa na mhariri, zilikuwa na wewe. "Bibi, juzi ulisema fisi yule haingii majini, leo amevukaje mto?" Bibi anapuliza moto kwanza, anajipa muda. "Amevuka mgongoni mwa mwenyewe. Unadhani mchawi hachoki kubebwa yeye tu kila siku?" Nawe ukanyamaza, maana jibu lilikuwa zuri kuliko swali.

Rowling naye ningemkubalia jibu la namna hiyo, sentensi moja tu.

Kitabu cha tatu nakutumia kwa basi la Ijumaa, kurasa nimezitia penseli. Dagaa wako uliwasahau juu ya friji, watakuja pamoja. Baba anakusalimu. Wiki hii yuko nyumbani, ni mbalamwezi.